Siagi ya karanga kutoka nyumbani kwako: mwongozo kamili wa kuanza na kuendesha

Wengi wanaotaka kuanza biashara ya siagi ya karanga nyumbani huanza kwa kuulizia bei ya mashine. Wanakopa, wananunua mashine, wanaiweka sebuleni, kisha ndipo wanatafuta karanga, makopo na wanunuzi. Rejesho la kwanza linafika kabla kopo la kumi halijauzwa. Mpangilio ninaoushauri hapa ni mwingine: karanga kwanza, kisha hesabu, kisha wateja, na mashine mwisho kabisa. Nimeuandika nikiwafikiria zaidi walioko Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, lakini sehemu kubwa inafanya kazi popote karanga zinapopatikana.

Kwa nini siagi ya karanga na si maandazi au juisi? Maandazi yasipouzwa leo, kesho ni hasara. Siagi ya karanga ina maji machache sana ndani yake, kwa hiyo ikitengenezwa vizuri inakaa wiki nyingi bila friji. Umeme ukikatika, bidhaa haiharibiki. Mtoto akiumwa ukashindwa kufanya kazi siku mbili, bado una kitu cha kuuza. Pia soko lake ni pana kuliko watu wanavyodhani. Mnunuzi si yule wa kupaka mkate tu. Kuna anayeiweka kwenye uji wa lishe, kuna mama anayepika mchicha au kisamvu cha karanga na hana muda wa kutwanga, kuna vijana wa mazoezi wanaotafuta protini. Hawa wote wanataka siagi isiyo na sukari, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kutengeneza: karanga na chumvi kidogo, basi.

Kwanza itazame nyumba yenyewe

Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla hujanunua hata kilo moja. Mgogoro mkubwa wa biashara za uani ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba nyingi za kupanga wapangaji wanne au watano wanachangia mita moja, na siku wenzako watakaposikia mashine inanguruma, kila uniti itakayoisha itahesabiwa kuwa ni yako. Malizeni mapema: ama ufunge submita yako, ama mkubaliane kiasi utakachoongeza kila mwezi, na majirani wakijue kiasi hicho. Elezeni pia saa za kusaga. Mashine haiwezi kulia saa kumi na moja alfajiri ukuta mmoja na mtu aliyetoka zamu ya usiku.

Nafasi yenyewe haihitaji kuwa kubwa. Inahitaji kuwa na pande mbili. Upande mmoja ni wa karanga mbichi, gunia, vumbi na maganda. Upande wa pili ni wa karanga zilizokwisha kukaangwa, mashine na makopo. Hili si jambo la usafi wa macho tu. Karanga mbichi zimetoka shambani, zimegusa udongo, zimepita maghalani kwenye panya na ndege, kwa hiyo zinaweza kubeba bakteria wa salmonela. Moto wa kukaangia ndio unaowaua. Baada ya hapo hakuna moto mwingine, na bakteria wakirudi kupitia ungo, mikono au meza ileile, wanaweza kukaa hai ndani ya siagi kwa miezi. Marekani, kati ya mwaka 2008 na 2009, siagi na bidhaa za karanga zilizochafuliwa kiwandani ziliuguza watu zaidi ya 700 na 9 wakafariki. Kile kilikuwa kiwanda kikubwa, lakini kanuni ni ileile jikoni kwako: ungo wa mbichi usiguse zilizokaangwa, na anayechambua mbichi anawe mikono kwa sabuni na kubadili aproni kabla ya kuvuka upande wa pili.

Kuku, paka na mafuta ya taa vikae mbali na chumba hicho. Karanga hunyonya harufu upesi, na siagi yenye harufu ya taa haina dawa.

Karanga: hapa ndipo biashara inaposimama au kuanguka

Karanga zetu nyingi hutoka Dodoma, Singida, Tabora, Shinyanga na Mtwara. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, Mtwara, ndicho kilichotoa mbegu kama Pendo na Mangaka ambazo utazisikia kwa wakulima na madalali. Mavuno huwa kati ya Aprili na Juni sehemu nyingi, na bei hushuka wakati huo kisha hupanda taratibu hadi masika ya mwaka unaofuata. Usikimbilie kununua gunia tano kwa sababu ni rahisi. Msimu wa kwanza nunua kilo 10 hadi 20 kwa wakati, mpaka ujue unauza kiasi gani kwa wiki. Utakapojua, ndipo kununua gunia wakati wa mavuno na kulihifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta, kutakuwa na maana.

Adui mkubwa ni sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi yaliyokaushwa vibaya, yaliyovunjika au kuhifadhiwa kwenye unyevu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa ugonjwa uliotokana na sumukuvu, chanzo kikiwa mahindi, na watu 20 wakapoteza maisha. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi haanguki siku hiyohiyo, lakini sumu hiyo husababisha saratani ya ini. Na wewe unatengeneza chakula kitakachowekwa kwenye uji wa mtoto. Kwa hiyo sehemu hii naomba usiiruke.

Kukaanga hupunguza sumukuvu kiasi lakini hakuimalizi. Kusaga hakuiondoi, bali kunaisambaza: punje chache mbaya zinaingia kwenye makopo yote. Kinachosaidia sana ni kuchambua kwa mkono, punje kwa punje, kabla ya moto. Sumu hujikusanya zaidi kwenye punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zilizotobolewa na wadudu au zilizovunjika. Ukiondoa hizo umeondoa sehemu kubwa ya hatari.

Kuna karanga zinazouzwa bei ya chini sokoni kwa jina la karanga za kusagia. Zitazame kwa karibu. Mara nyingi ni vipande, punje ndogo na zile walizozikataa wanunuzi wa karanga nzima. Muuzaji atakuambia, "Si unasaga tu, dada?" Hapana. Ukishasaga mnunuzi haoni tena, na ndiyo maana wewe ndiye unayepaswa kuona. Nunua karanga nzima, kavu, za msimu mmoja. Chukua punje tano kutoka katikati ya gunia, si juu tu, uzivunje kwa vidole. Kavu hupasuka kwa mlio na ndani ni nyeupe ya maziwa. Ikipinda kabla ya kuvunjika, au ukiona weusi au unjano katikati ya vipande viwili, mwachie mwenyewe. Onja pia: chungu au ladha ya mafuta yaliyokaa sana, usinunue hata kwa nusu bei.

Nyumbani zimwage kwenye sinia jeupe au meza yenye kitambaa cheupe, mahali penye mwanga wa mchana, kiasi cha safu moja tu. Anza kutoa mawe, vijiti na majani, halafu pita mara ya pili kwa ajili ya punje mbaya. Kwa kilo 20 zenye ubora wa wastani usishangae ukitoa kilo moja au zaidi. Hiyo kilo usiwape kuku na usimgawie jirani wa kufuga, kwa sababu sumu hupita kwenda kwenye nyama, mayai na maziwa. Chimbia au choma mbali na jiko. Inauma kutupa kitu ulichonunua, ndiyo maana gharama yake tutaiweka kwenye bei.

Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina mbaya zaidi, B1, isizidi 5. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, kwa hiyo ukishaanza kuuza nje ya mtaa wako peleka sampuli maabara. Maabara ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ipo Ubungo, Dar es Salaam.

Kukaanga, kumenya, kusaga

Tumia sufuria pana yenye kitako kizito, moto mdogo, na usiache kugeuza. Kilo mbili kwa wakati zinatosha. Ukijaza sufuria, za chini zitaungua na za katikati zitabaki mbichi. Mwenye oveni azitandaze kwenye trei kwa nyuzi 160 kwa muda wa dakika 30 hadi 40, akizigeuza mara kadhaa. Ishara ni tatu: ganda linatoka ukilifikicha kwa vidole, ndani ni rangi ya dhahabu isiyokolea, na harufu imebadilika kutoka ya maharage mabichi kuwa ya karanga hasa. Ziondoe kidogo kabla hujaridhika na rangi, kwa sababu zinaendelea kuiva kwa joto lake zenyewe. Zimwage kwenye sinia mara moja, usiziache kwenye sufuria ya moto.

Zikipoa, zifikiche ndani ya kitambaa safi kisha pepeta kwa ungo wa upande wa pili. Chambua tena harakaharaka. Baada ya kukaangwa, zile mbovu ambazo zilijificha chini ya ganda huonekana: nyeusi, au za kahawia iliyokolea kuliko wenzake.

Kuhusu kusaga, una njia tatu mwanzoni. Ya kwanza ni blenda imara ya nyumbani. Saga robo kilo kwa wakati, dakika moja, simamisha, kwangua pembeni, endelea. Karanga itakuwa unga, kisha donge gumu litakalokutia wasiwasi, kisha mafuta yatatoka na itaanza kulainika yenyewe. Usiongeze maji kamwe, hata kijiko kimoja. Maji yanaleta ukungu na yanaua ule uwezo wa kukaa bila friji. Ipumzishe blenda, la sivyo utaunguza mota. Njia ya pili ni kusagisha kwa mtu mwenye mashine ya karanga. Muulize mashine hiyo inasaga nini kingine. Kama asubuhi ilisaga dagaa au pilipili, siagi yako itasema. Na kama inasaga karanga za kila mtu bila kusafishwa, kazi yako yote ya kuchambua imekwenda bure, maana mabaki ya wengine yatakuwa kwenye makopo yako. Omba usage wa kwanza asubuhi, na kilo ya kwanza inayotoka usiifungashe. Njia ya tatu, mashine yako, tutaifikia.

Chumvi weka wakati wa kusaga, iliyo kavu na laini. Gramu 5 kwa kilo ni mahali pazuri pa kuanzia. Asali ina maji, kwa hiyo siagi yenye asali itengenezwe kwa oda tu. Wapo wanaoongeza unga wa muhogo au mahindi ili kuongeza uzito. Huo ni wizi, na mteja anayepika mboga ataugundua sufuria ikianza kuganda.

Mafuta yatapanda juu baada ya siku chache. Siyo kuharibika. Viwanda vikubwa huongeza mafuta yaliyogandishwa ili kuyazuia. Wewe andika kwenye lebo: "Koroga kabla ya kutumia."

Kufungasha na tarehe

Makopo ya plastiki ya chakula yenye mfuniko unaokaza yanapatikana Kariakoo, na ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mikoani nazo huuza au huelekeza vinakopatikana vifungashio. Kopo lioshwe, likauke kabisa, hata tone lisibaki kwenye pembe ya chini. Siagi ipoe kabla ya kuifunika, maana mvuke ukinaswa chini ya mfuniko ni maji yaleyale tuliyoyakimbia. Pima kila kopo kwa mzani wa kidijitali: weka kopo tupu, rudisha sifuri, jaza hadi gramu 400 kamili. Usikisie kwa mstari wa kopo.

Lebo iseme jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo (kila mara unapotengeneza ni toleo moja), mahali ilipotengenezwa na simu. Ongeza kwa maandishi yanayosomeka kwamba ina karanga na wenye mzio wasitumie. Usiandike kwamba inatibu kisukari au inaongeza nguvu za kiume. Hujathibitisha, na maneno hayo yatakuletea matatizo kwa wakaguzi.

Tarehe ya mwisho usiikopi kutoka kwenye kopo la kiwanda. Katika kila toleo weka kopo moja kwenye rafu, joto la kawaida la nyumba, ulifungue na kulionja kila mwezi. Likianza kunuka rangi ya mafuta au kuwasha kooni, umejua mwisho wake. Anza kwa miezi miwili, uongeze pale tu makopo yako yatakapokupa ushahidi. Kopo hilo la akiba ndilo pia litakalokuokoa mteja akilalamika: unafungua la toleo lilelile na kujua tatizo lilianzia kwako au kwake.

Hesabu, kwa senti zake

Bei hubadilika, kwa hiyo chukua huu kama mfano na uweke bei za siku yako. Tuseme umenunua kilo 20 za karanga kwa 4,000 kila kilo. Baada ya kuchambua, kukaanga na kumenya umepata kilo 17, yaani makopo 42 ya gramu 400.

Karanga 80,000. Makopo 42 kwa 600 ni 25,200. Lebo kwa 150 ni 6,300. Chumvi 500. Gesi 6,000. Umeme 3,000. Hapo wengi huweka kalamu chini: jumla 121,000, gawanya kwa 42, kopo moja 2,881. Wanauza 3,800 na kuamini wanapata zaidi ya 900.

Endelea kuandika. Nauli ya kufuata karanga na bodaboda ya kupeleka mzigo, 8,000. Kazi yako, kwa sababu kuchambua kilo 20 ni kazi ya mtu, 25,000. Kuchakaa kwa vifaa, 4,000. Jumla sasa ni 158,000. Na makopo ya kuuza si 42 bali 40, kwa kuwa moja ni la akiba na moja la kuonjesha. Gawanya: 3,950. Aliyeuza 3,800 amepoteza 150 kwa kila kopo, huku mkononi akiona fedha nyingi kuliko aliyotoa. Ndivyo mtu anavyouza vizuri mwaka mzima halafu anashindwa kununua gunia linalofuata.

Kwa gharama hiyo, bei ya jumla ya 5,000 kwa duka na 6,000 kwa mteja wa moja kwa moja inakuacha salama. Usiuze rejareja chini ya bei ya duka unalolipelekea mzigo. Mwenye duka akisikia jirani yake anapata kwako kwa 5,000, hatachukua tena.

Nauli na kazi yako ni gharama hata kama hakuna aliyekudai. Vilevile kopo linalotoka stoo kwenda mezani kwenu liandikwe, na 5,000 itoke kwenye fedha ya nyumba iingie kwenye ya biashara. Shangazi akija kutembea na kuondoka na makopo mawili, andika hayo pia. Si uchoyo. Utamzawadia shangazi kutoka kwenye ujira wako, si kutoka kwenye mtaji.

Daftari moja la kaunta linatosha. Kurasa za mbele ni za fedha: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Kurasa za nyuma ni za matoleo: namba, karanga zilitoka kwa nani, kilo zilizonunuliwa, kilo zilizotupwa, makopo yaliyopatikana, yalikokwenda. Chukua laini ya simu ya pekee kwa biashara na uisajili Lipa Namba. Fedha ya ada ya shule na fedha ya karanga zikikaa kwenye laini moja, daftari litakosa kazi ndani ya wiki.

Wateja

Makopo ya mwanzo wauzie watu watakaokuambia ukweli: majirani, wazazi wa shule moja na mtoto wako, wenzako wa kwaya au wa madrasa, wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Usiwape bure. Anayepewa bure husema ni tamu. Anayelipa 6,000 husema chumvi imezidi.

Piga picha mchana, kopo likiwa wazi na kijiko kikionyesha ulaini, uweke kwenye hali ya WhatsApp siku ya kutengeneza. Oda za kusafirisha mikoani zilipwe kabla. Mtindo wa kutengeneza Alhamisi na kupeleka Ijumaa na Jumamosi unafaa kwa wengi, kwa kuwa unajua idadi kabla hujawasha jiko.

Duka la Mangi, lile la mtaani, ndilo soko la kila siku, nalo lina lugha yake: mali kauli, yaani kuchukua mzigo sasa na kulipa ukishauzwa. Utasikia, "Mama, niachie kumi, zikiisha nakupigia." Mali kauli si mbaya, ila iwe na kikomo. Jibu lako liwe, "Mangi, nakuachia sita, nakuja Jumamosi. Zilizouzwa unanilipa, zilizobaki naziangalia, halafu tunaongeza." Mwandikie kwenye daftari lake na lako, wote mkiona. Ukimkuta Jumamosi hana fedha ya zilizouzwa, usiongeze hata moja. Na usiwe na zaidi ya robo ya mzigo wako nje kwa mali kauli, kwa sababu karanga za wiki ijayo unazilipia taslimu.

Makopo yasikae kwenye kibanda kinachopigwa na jua. Omba rafu ya ndani, na ya zamani uyasogeze mbele kila unapopita.

Supamaketi ziache mpaka mwaka wa pili. Zitakuuliza alama ya TBS na msimbomilia, zitakulipa baada ya wiki kadhaa, na zitakurudishia yasiyouzwa.

Karatasi za serikali

Anza na TIN, namba ya mlipakodi inayotolewa na TRA, haina malipo, unahitaji namba ya NIDA. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato. Angalia neno hilo vizuri: mauzo, siyo faida. Makopo 70 kwa mwezi kwa 5,000 ni 4,200,000 kwa mwaka, umeshavuka. Mwenye kumbukumbu nzuri hukadiriwa kwa haki zaidi kuliko asiyenazo, hapo daftari linalipa tena. Jina la biashara husajiliwa kwa wakala wa usajili, BRELA, kwa mtandao, leseni hutolewa na halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Watu wote wanaoshika chakula wapimwe afya, na afisa afya wa kata mwalike mwenyewe aje aone chumba kabla hajaletwa na malalamiko.

Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Usiende huko peke yako. Pita SIDO kwanza: wanafundisha usindikaji, wanakuandikia barua ya utambulisho, na mjasiriamali mdogo mwenye barua hiyo hupata nafuu ya gharama za alama ya ubora.

Fedha ya kukua, na mashine

Mikopo inayoitwa kausha damu, ile ya marejesho ya kila siku au kila wiki, haifai kwa biashara hii hata kidogo. Karanga unanunua leo, unauza kwa wiki tatu, rejesho linaanza kesho. Mlango mwingine upo: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida hupitia vikundi, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona. Chagua wenzako wa kikundi kwa uangalifu kuliko unavyochagua karanga, kwa kuwa deni la mmoja ni la wote. Kikoba nacho kinafaa, hasa kununua gunia wakati wa mavuno na kulipa kadiri unavyouza.

Mashine nunua pale mambo matatu yatakapokuwa yametimia: umeuza zaidi ya makopo 80 kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, fedha unayolipa kusagisha kwa mwaka inakaribia bei ya mashine, na una akiba ya kununua karanga za mwezi mzima hata baada ya kuilipia. Ukifika dukani beba kilo mbili za karanga zako zilizokaangwa na uombe zisagwe mbele yako. Ukiacha mawe ya kusagia, angalia sehemu zote zinazogusa chakula ni chuma kisichoshika kutu, sio chuma kilichopakwa rangi. Gusa siagi inapotoka: ikiwa ya moto sana mawe yamekaza mno au mashine ni dhaifu, na ladha itakuwa ya kuungua. Fungua mwenyewe, usafishe mwenyewe, ufunge mwenyewe, fundi akiwa pembeni. Mashine usiyoweza kuifungua bila fundi utaacha kuisafisha. Uliza vipuri, hasa mawe ya kusagia, vinauzwa wapi na kwa bei gani, na dhamana iandikwe kwenye risiti.

Ukishaifikisha nyumbani, saga kilo moja ya karanga na chumvi kuondoa mabaki ya kiwandani, hiyo uitupe. Kisha fungua ukurasa mpya wa matoleo, anza na namba 1, na usikubali kusagia mtu mwingine karanga ambazo hukuzichambua.